Safari ya Kundelungu: Mambo Tuliyosahau Kuuliza



Wengi wenu munatuuliza kila siku, mu kiwanja na ku pompi ya maji: «Doyen, safari ya Kundelungu iko ao haiko?» Iko. Lakini haitakuwa tarehe ile tuliyoandika ku tablo, na haitakuwa vile tulivyotangaza. Tunataka kuwaeleza sababu, hata kama sehemu ingine ya habari hii inatupatisha haya.

Mambo yalianza mu mwezi wa kumi, mu somo la jiografia. Mwalimu alitundika karta ya Katanga, akatuonyesha mulima mrefu ulio sawa juu kama meza, kati ya bonde la Lufira na inchi ya ziwa Moero. Ni Kundelungu. Alisema wajuzi wa mawe walitwaa jina lile, wakaliita mawe mengi ya Katanga yetu. Kule juu mawe yamelala tabaka juu ya tabaka, hayakukunjwa kama mawe ya huku kwenye shaba. Kwa hiyo muto ukifika ku mwisho wa meza, hautelemuki pole pole: unaanguka. Maji ya miaka na miaka yamekata magenge na makorongo ambayo mutu hawezi kupita kama hajui njia.

Muto mumoja wa kule, Lofoi, unaanguka zaidi ya mita 300. Mosi-oa-Tunya, ambayo watu wa dunia yote wanaenda kutazama kule Zambia na Zimbabwe, ina mita 108. Serikali ilifanya Kundelungu kuwa parke ya taifa mu 1970, mwaka moja na Salonga, Maiko na Kahuzi-Biega. Upemba, jirani yake, ni ya zamani zaidi: 1939.

Klasi yote ilinyamaza. Sisi watoto wa Katanga tulijua majina ya maporomoko ya inchi za wengine, na la kwetu hatukulijua. Siku ile ile tukapatana: mbele ya kutawanyika, sisi wafinalisti 34 tutaenda kuona Lofoi kwa macho.

Tukachagua komite ya watu wane. Komite ilifanya kazi, hatuwezi kukana. Tuliandika barua ku ofisi ya ICCN mu Lubumbashi, kwani mu parke mutu haingii sawa vile anaingia mu soko. Tulitafuta kamyo. Tulihesabu mazutu, unga, mafuta, chumvi, sabuni. Ilitoka dola 25 kwa kila mwanafunzi. Tarehe tulichagua juma la Pasaka, kwa sababu moja tu: picha mu kitabu cha mwalimu. Mu picha ile Lofoi ni nene na nyeupe, na moshi wa maji unapanda juu. Tulitaka kuiona vile vile.

Sasa tunafika ku maneno ya haya.

Mu mwezi wa pili watu watatu walikuwa hawajalipa hata franka moja. Asubuhi moja, mbele ya bendera, sisi wenyewe tulisoma majina yao kwa sauti kubwa. Tulifikiri ni njia ya kuwasukuma. Wadogo wa klasi za chini wakacheka. Mumoja wa wale watatu aliinamisha kichwa mpaka mustari ulipoingia mu klasi.

Mwenzetu huyu anatoka mu kijiji kimoja chini ya Kundelungu, upande wa Lufira. Baba yake ni mvuvi. Mwanzo wa kila muhula anakuja na kinga, samaki wakavu wamefungwa nyuma. Akimaliza kuwauza, njo mtoto anaingia masomo. Ninyi wote munamujua mzee yule, tena wengi wenu mumekula samaki wake. Sisi pia tulijua. Na tulisoma jina la mtoto wake.

Mangaribi ile tulimufuata mu dortware. Tusidanganye: hatukuenda kuomba musamaha, tulienda kumuuliza atalipa siku gani. Alikuwa anafua shati. Hakutazama juu.

«Doyen, mulisoma jina yangu tu. Hamukuniulizaka kitu.»

«Tukuulize nini?»

«Njia.»

Akapanguza mikono, akaokota kipande cha makala, akaanza kuchora chini ku sima. Huku Lufira. Huku uwanda. Huku kijiji chao. Huku njia ya miguu inayopanda ku genge, na fasi ambapo mawe yanateleza chini ya kiatu.

«Mu Pasaka hamutafika,» akasema. «Mvua itakuwa ingali. Ule uwanda inajaa mayi. Potopoto itakamata kamyo mupaka ku mulango, mutalala mule siku tatu, na mbu ya kule haina huruma. Ile mayi ya ku picha ni ya wakati ya mvua. Wakati ile hata siye ya kule hatupandake.»

«Na mu mwezi wa saba?»

«Mu mwezi ya saba mutafika. Lakini mayi itakuwa kidogo, sawa kamba.» Alicheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. «Ni Lofoi ileile. Siye tunaionaka vile kila mwaka.»

Tukamuonyesha karatasi yetu ya chakula. Pale tuliandika: «nyama, tutanunua mu njia». Alipitisha makala juu ya mustari ule. «Nyama ya mu njia, mutajua ilitoka wapi?» Hatukuwa na jibu. Wanyama wa parke hizi wamepungua sana juu ya kuwindwa. Pundamilia wa mwisho wa Kongo yetu wako Upemba, na ni wachache. Tungeenda kutazama parke huku tunakula parke.

Tulikaa pale mpaka taa zikazimwa. Kazi ya komite ya miezi mine, kijana mumoja aliitengeneza kwa kipande cha makala, na yeye njo yule hatukuhesabu kuwa mutu wa safari.

Asubuhi iliyofuata tuliomba musamaha kwa wale watatu mbele ya bendera, kwa sauti ile ile tuliyosoma nayo majina. Prefe wetu hakutupa azabu. Alisema tu kwamba kosa la mbele ya watu linatengenezwa mbele ya watu. Mwenzetu aliitika kwa kichwa, hakusema neno. Hatujui kama imeisha mu moyo wake. Haitakuwa haki tumuharakishe.

Mupango mupya ni huu. Tutaenda juma linalofuata Exetat. Wengine walikasirika: «Tutembee yote ile juu ya kamba ya mayi?» Tulipiga kura: 21 walikubali, 13 walikataa. Dereva, aliposikia ni mwezi wa njia kavu, alishusha bei, na sasa kila mutu atalipa dola 20. Mahindi ya shamba letu, tutakayovuna mwezi wa nne, yatauzwa kwa kusaidia yeyote anayekosa, na jina la mutu halitasomwa tena. Pahali pa nyama tutabeba samaki wakavu, tutawanunua kwa yule mzee wa kinga kwa bei ya soko. Makala tutatoka nayo huku, hatutakata muti wa parke. Moto hatutawasha mu majani, kwani mu mwezi wa saba cheche moja inaweza kula mulima. Tutabeba maji ya kunywa, mustikero, sanduku la dawa, na machela moja kwa ajili ya yule atakayevunjika muguu. Mbele atatembea mulinzi wa parke, na nyuma yake mwenzetu.

Tunapoteza pia. Wawili kati yetu watachukuliwa na wazazi siku ya mwisho ya Exetat, hawataenda. Walipiga kura ya kukataa, na walikuwa na haki ya kukasirika.

Ninyi wadogo wa klasi ya nyuma yetu, tunawaachia daftari. Ndani muna bei, barua, na ile karta ya makala tuliyoiandika upya na wino. Pengine ninyi mutapata ruhusa ya kwenda mu mwezi wa tano, njia ikianza kukauka na maji yangali na nguvu. Sisi mwezi ule tutakuwa juu ya vitabu.

Lakini mbele ya kuuliza bei ya kamyo, zungukeni kwanza mu klasi yenu. Ulizeni kila mutu anatoka wapi. Maji ya Lofoi yanaingia Lufira, Lufira inaingia Lualaba, na yote inafika ku bahari kule Banana. Mutoto wa muto ule alikaa na sisi ku banki moja miaka mine, na tulifungua kitabu kwa kutafuta njia ya kwao.

Doyen wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti