Alijua Kafukuzwa Kazi, Kumbe ni Aikoni Tu!

Dada mmoja wa Kimara, jina kapuni, ana miaka miwili kwenye ofisi moja pale Posta, Dar es Salaam. Yupo kitengo cha malipo. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, na wiki tatu nzima amekuwa akipishana na bosi wake kwenye korido. Shikamoo anatoa vizuri tu, ila swali la mkataba linamkwama kooni.

Jumatatu hiyo kafika saa mbili kasorobo, mwendokasi imemkamua mpaka kilemba kimekaa upande. Kawasha kompyuta, kaingiza nywila, kasubiri. Deskitopu ilipofunguka, moyo ukapiga paa!

Programu ya malipo, ile anayoifungua kila siku kabla hata ya chai, haionekani. Aikoni nyingine zipo, lakini zimegeuka vikaratasi vyeupe. Picha hakuna, majina tu chini yake.

Akamgeukia jirani yake. "Shosti, zako zipo?"

"Zimekuwa nyeupe nyeupe, ila zipo zote."

"Na ya malipo?"

"Ipo." Halafu shosti akashusha sauti. "Unamkumbuka yule kaka wa manunuzi? Walianza kumtoa kwenye mfumo asubuhi, barua ikafuata mchana."

Hapo ndipo presha ilipopanda. Dada kapiga picha kioo cha kompyuta, kaitupa kwenye grupu la WhatsApp la marafiki zake: "Jamani, nimefukuzwa kimya kimya." Majibu yakamiminika kama mvua ya masika. Mmoja kampa pole. Mwingine kaanza kutafuta namba ya wakili. Wa tatu ndiye aliyeharibu: "Usiwaachie kitu. Futa kila kilicho chako."

Na vyake vilikuwepo. Picha za mwanawe, CV yake, barua mbili za kuomba kazi kwingine ambazo hakutaka mtu azione. Basi kabonyeza Ctrl na A, vitu vyote vikawa bluu. Kisha Shift na Delete, ili hata kwenye pipa la taka visionekane. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika anataka kuvifuta moja kwa moja.

Kidole kikiwa hewani, kijana wa IT akapita na kikombe cha chai, chapati imekunjwa mkono wa pili.

"Dada, unafanya nini hapo?"

"Nasafisha. Si mmeshaniondoa?"

"Tumekuondoa wapi?"

Kijana akaweka chai mezani, akavuta kiti. "Kwanza bonyeza No. Haya, niambie, hili faili hapa lina mshale?"

Dada akasogeza macho. Lilikuwa jedwali la malipo ya vibarua 43, wanaotakiwa kulipwa Jumatano. "Halina."

"Basi hili ndilo lenyewe. Zile zenye kamshale kadogo kwenye kona ni njia za mkato. Ukifuta njia ya mkato hujafuta programu, umeng'oa kibao tu. Lakini hili ukilifuta na Shift, limekwenda. Una nakala nyingine?"

Hakuwa nayo. Jasho lililomtoka hapo hata kwenye mwendokasi halikumtoka. Vibarua 43, na wengi wao mshahara wa wiki ndio unga wa wiki!

"Sasa bonyeza mara mbili hicho kikaratasi cheupe," kijana akasema.

Akabonyeza. Programu ikafunguka kama kawaida. Nusu saa nzima alikuwa anakiangalia na kukililia, hakuwahi kukijaribu.

Kumbe picha ya aikoni si lazima ikae pamoja na programu yake. Kwenye ofisi hiyo picha zote zilihifadhiwa kwenye folda moja ya seva. Wikiendi IT walihamia seva mpya, ya zamani ikazimwa. Kompyuta zikawa zinatafuta picha kule kule kwa zamani, hazipati, zinaweka karatasi jeupe. Programu zenyewe ziko ndani ya kompyuta, hazijaguswa.

Na ile iliyopotea kabisa? Kijana kamwambia akae kwenye kompyuta ya shosti, aingie kwa jina lake mwenyewe. Akaingia. Ya malipo bado haipo. "Basi mashine yako haina kosa," kijana akasema. "Tatizo linakufuata wewe, maana yake liko kwenye akaunti yako. Kama ingeonekana hapa, tungerudi kuikagua mashine."

Kwenye kompyuta za ofisi zinazosimamiwa kutoka sehemu moja, aikoni nyingi haziwekwi kwa mkono. Seva ndiyo inazigawa, kwa kile wanachokiita Group Policy. Ukiwa kwenye kundi la malipo, unapewa aikoni ya malipo. Ukitoka kwenye kundi, na kama ndivyo walivyoipanga, aikoni inaondolewa bila kukuaga. Ndiyo maana hata ukijitengenezea yako kwa mkono, tatizo lenyewe linabaki pale pale.

Kijana akaenda mezani kwake, akarudi kichwa chini. "Nimekuruka mimi, dada. Wakati napanga makundi upya Jumamosi, jina lako nimelisahau. Samahani sana."

Jina likarudishwa. Akamwambia atoke kwenye akaunti kabisa na kuingia tena, kwa sababu kompyuta inayatambua makundi yako pale unapoingia. Akatoka, akaingia. Ile pale! Kwa zile nyeupe, kijana aliielekeza njia ya picha kwenye seva mpya, kisha akaandika gpupdate /force ili kompyuta ichukue maagizo mapya. Chache ziligoma, maana Windows huwa inajiwekea akiba ya picha za aikoni na inaweza kuendelea kuonyesha za zamani. Amri ya ie4uinit.exe -show ikaisafisha akiba hiyo.

Akamwachia na la ziada. Siku deskitopu ikiwa tupu kabisa, bonyeza kulia sehemu iliyo wazi, nenda View, uangalie kama Show desktop icons ina tiki. Mara nyingine ni tiki tu imeondoka. Na kabla ya kulia, andika jina la programu kwenye Start. Ikitokea, ujue nyumba ipo, kibao ndicho kimedondoka.

Wala dada huyu si wa kwanza kushtuka. Ijumaa ya tarehe 13 Januari 2023, sasisho moja la Microsoft Defender lilifuta njia za mkato kwenye kompyuta za maofisi yaliyokuwa yanatumia kanuni fulani ya ulinzi. Watu walifika kazini wakakuta aikoni za deskitopu na za Start zimeyeyuka. Programu zilikuwepo muda wote, na Microsoft ikalazimika kutoa skripti ya kuzirudisha njia hizo.

Ila kuna kitu kimoja kijana wa IT hakuweza kukitengeneza. Hofu ya dada haikuanza Jumatatu. Ilianza wiki tatu nyuma, na aikoni ilipopotea ikapata pa kujishikiza tu. Bila ule mkataba asingefikiria kufukuzwa, angepiga simu IT na kwenda kunywa chai.

Saa nne akanyanyuka, akarekebisha kilemba, akagonga mlango wa bosi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Akauliza. Sentensi moja tu, iliyomkaa kooni siku zote hizo. Bosi akavuta droo, akatoa barua. Mwaka mmoja mwingine. Ilikuwa inasubiri saini ya mkurugenzi, aliyesafiri mpaka Alhamisi.

"Mbona hukuuliza?" bosi akasema. "Mimi nilidhani unajua."

Alirudi mezani, kitu cha kwanza akatuma nakala ya jedwali la vibarua kwenye folda ya kitengo. Barua za kuomba kazi akazihamishia kwake. Kisha akafungua simu. Grupu lilikuwa na meseji 61, na wakili alishapatikana. Akaandika maneno matatu: "Jamani, ni aikoni."

Wewe ungekuwa yeye, si ungeshabonyeza Yes? Na ofisini kwako mambo yakipotea kwenye kioo, unamwita nani kwanza: IT au grupu la WhatsApp? Funguka hapo chini kwenye maoni.