Tapi ya jikoni Majengo: simenti nyekundu ya marehemu

GOMA – Katika kartiye Majengo kuna jikoni moja ambamo kwa wiki mbili nzima watu walisemeshana kwa kifupi sababu ya tapi. Si ile tapi ya salon ya kuonyesha wageni. Ni tapi ndefu na nyembamba, ya kutandika pale miguu inapopita, kutoka mlangoni mpaka karibu na mbabula.

Nyumba ni ya mama mjane. Marehemu bwana yake aliijenga mwaka 2003, kisha lava ya tarehe 17 Januari 2002 kula nyumba yao ya kwanza katikati ya mji. Msingi ni mawe ya volkano, kuta ni mbao, juu mabati, kama nyumba nyingi za Goma. Lakini upande wa jikoni yule bwana alitaka simenti. Alichanganya unga mwekundu ndani kwa mkono wake, akalainisha kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa, na kabla haijakauka akachukua msumari akaandika mwaka: 2003. Ukutani alipaka rangi ya mafuta, kijani ya giza mpaka kiunoni, na juu yake rangi ya maziwa. Ile ya maziwa leo imekuwa kama chai, kwa moshi wa miaka zaidi ya 20. Simenti yenyewe bado inang'aa, kwa sababu mjane anaipaka nta kila Jumamosi. Watoto wake wanajua kwamba Jumamosi asubuhi hakuna kuingia jikoni na viatu.

Mdogo wake alifika hapo mwezi wa pili 2025, wakati kambi za kuzunguka mji zilipotupu. Alikuja na watoto watatu na mama yao wote wawili, mzee ambaye miguu yake haimtii tena vizuri. Wao ni watu wa Kibumba. Walitoka kule mwisho wa mwaka 2022 na kuishi Kanyaruchinya chini ya bashi, zaidi ya miaka miwili. Waliopita kule hawahitaji maelezo: sakafu ni lava tupu. Unatandika majani, juu yake kipande cha bashi, juu yake blanketi, na jiwe litakutafuta tu mbavu. Siku walipofika Majengo, watoto walivua viatu kwenye mlango wa jikoni bila kuambiwa, wakasimama wanatazama chini. Mmoja aliuliza kama inaruhusiwa kukanyaga.

Basi simenti ilikuwa nzuri, lakini simenti iliyopakwa nta ikipata maji inakuwa kama sabuni. Siku moja mzee alibeba sufuria ya maharagi, maji yalikuwa yamemwagika karibu na bidoni, mguu ukaondoka. Hakuvunjika. Mkono ulivimba siku tano, maharagi ya siku yakaenda chini, na mjukuu mdogo aliyekuwa amekaa hatua moja tu kutoka hapo hakuguswa na yale maji ya moto. Watu wa nyumba walimshukuru Mungu na kuanika nguo. Usiku ule mdogo mtu hakulala. Alikuwa akiona sufuria ikianguka upande mwingine.

Asubuhi hakusema kitu. Ni hapo kosa lake lilipo, kama ni kosa. Mtu anayekaa kwa mwenzake anaogopa kuleta maneno juu ya nyumba ya watu, hata kama mwenye nyumba ni yaya yake wa tumbo moja. Aliona afadhali afanye, kisha aonyeshe.

Alichukua kamba akapima. Jikoni ni ndefu kama mita tatu na nusu, lakini kati ya meza ya vyombo na ukuta nafasi ya kupita ni karibu sentimita 90. Akafunga fundo kwenye kamba kwa kila kipimo: fundo la upana, fundo la urefu, na fundo moja pale tapi inapaswa kuishia, hatua nzima kabla ya mbabula. Hilo la mwisho hakulisahau. Kule kambini aliona cheche moja ya makala ikishika bashi la jirani, na plastiki haiungui kama karatasi, inayeyuka na kushika ngozi.

Kisha alifanya jambo ambalo wengi wanaokwenda kununua hawalifanyi. Alibeba jikoni ndani ya mfuko. Kipande cha simenti nyekundu kilichokuwa kimevunjika kizingitini, ganda la rangi ya kijani lililobanduka nyuma ya mlango, na uzi kutoka pazia la kitenge. Macho yanadanganya sokoni. Rangi uliyoiacha nyumbani, ukifika mbele ya rangi nyingine kumi, haukumbuki tena ilikuwa namna gani.

Kwenye soko la Virunga kijana mwuzaji alimkaribisha vizuri.

– Mama, karibu. Simenti yako iko nyekundu? Basi tapi njo hii, nyekundu kwa nyekundu.

Aliweka kile kipande cha simenti juu yake. Wote wawili waliona. Ile tapi nyekundu ya kiwandani ilikuwa inapiga kelele, na simenti ya marehemu, ambayo nyumbani inang'aa, hapo ikaonekana kama tofali lililochoka. Rangi mbili zinazokaribiana bila kufanana zinaharibiana. Kijana akaleta nyeupe yenye manyoya. Hapo hata hakufungua mfuko. Vumbi la Goma ni jeusi, linaingia na kila mguu. Akaleta nyeusi. Hiyo nayo ina shida yake, na mtu asiyepika hawezi kuijua: uchafu unaotoka nje ni mweusi, lakini ule wa jikoni ni mweupe, majivu na unga wa muhogo. Kwenye nyeusi tupu, kila chembe ya unga itakusemesha. Inayofaa ni ile yenye mchanganyiko, giza na mwanga ndani ya uzi mmoja.

Kijana hakuchoka. Akamwonyesha balatum, ya kukata kwa mita, bei nafuu kuliko zote.

– Hii unafunika jikoni yote, mama. Unapangusa tu, imeisha.

Ilimvuta kidogo, maana pesa ni ngumu. Tangu mwisho wa Januari 2025 benki za mji zilifungwa, na noti yenye tundu kidogo tu wauza mashu wenzake wanaikataa. Lakini alifikiri mambo mawili. La kwanza, balatum juu ya simenti inafungia unyevu chini. Mtu mwenye balatum ajaribu mwenyewe: atandike kipande cha plastiki juu ya simenti, akifunge kando zote kwa skochi, akiache mpaka kesho yake. Akikuta matone chini yake, ajue ile sakafu bado inapumua maji, na balatum itaoza na kunuka. La pili lilikuwa zito zaidi. Balatum ingefunika kila kitu. Yaya angeingia jikoni mwake asubuhi na asione tena kazi ya bwana yake.

Mwishowe hakununua kwa yule kijana. Nyuma ya soko kuna mama washonaji, na mmoja wao anasokota mabaki ya vitenge kuwa kamba, anazishona moja kando ya nyingine mpaka inakuwa tapi bapa, ngumu, isiyo na manyoya. Alichagua mabaki yenye rangi ya mchanga, kahawia na kijivu, akaomba mstari mmoja wa kijani ya giza kila upande. Mshonaji aliweka lile ganda la rangi ya ukuta kwenye goti na kutafuta kitambaa kinachofanana nalo katika gunia zima. Upana waliweka sentimita 60, ili kila upande simenti nyekundu ibaki inaonekana kama kiganja kimoja. Urefu mita mbili. Kitambaa cha pamba kinafuliwa, na cheche ikianguka inatoboa lakini haiyeyuki.

Ilibaki shida moja, na ni kubwa: kitambaa juu ya nta kinateleza kuliko hata mguu mtupu. Tapi isiyoshika chini ni mtego. Sokoni wanauza mpira wa kutandika chini, lakini pesa ilikuwa imekwisha. Alimwendea mtu wa chukudu, anayevalisha magurudumu ya mbao kwa mpira wa matairi ya zamani, akamwomba vipande vya shambrea ya moto iliyokufa. Akapewa bure. Alikata mikanda, akaishona chini, kwa kukingama, kila baada ya kiganja kimoja.

Aliitandika jioni yaya akiwa kanisani.

Mjane aliporudi alisimama mlangoni. Hakupaza sauti.

– Simenti yangu imekuwa mubaya?

– Hapana, yaya. Ni sababu ya mama. Aliteleza.

– Nilimuona aliteleza. Mimi pia niko naona.

Akainama, akaikunja, akaisimamisha nyuma ya mlango. Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Alipaka nta kama kawaida, labda kwa nguvu kuliko kawaida.

Tapi ilikaa nyuma ya mlango siku nyingi. Mdogo mtu alianza kutoka alfajiri na kurudi usiku, na alipopika alipika kwa haraka. Majirani waligundua, kwa sababu Majengo kuta ni mbao. Wengine walisema mgeni amejisahau. Wengine walisema mwenye nyumba ana moyo mgumu. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa hujabeba kitu. Mjane hana kaburi la kwenda kusafisha karibu, na picha za bwana yake ni mbili tu. Yeye kila Jumamosi anapiga magoti na kusugua mahali ambapo mkono wa mtu ulipita. Na yule mdogo, kwa upande wake, hana kitu kingine cha kutoa katika nyumba inayomlaza bure na watu wanne.

Mzee, aliyekuwa chanzo cha yote, hakuulizwa. Alikuwa anapita jikoni akishika ukuta. Kwenye rangi ya kijani, kimo cha kiuno, alama za vidole vyake zilianza kuonekana, mstari mzima kutoka mlangoni mpaka kwenye bidoni. Mjane anayesafisha kila kitu alikwenda kuzifuta na kitambaa, akafuta tatu, akaacha.

Siku hiyo mvua ilinyesha. Mdogo mtu aliporudi akiwa amelowa, alikuta tapi imetandikwa. Lakini haikuwa pale alipoiweka yeye. Ilikuwa imesogezwa kuelekea mlangoni, na mahali pa bidoni, palepale mama yao alipoanguka, palibaki wazi. Alitaka kunyamaza. Safari hii aliuliza.

– Yaya, mbona umeisogeza huku?

Mjane alionyesha kwa kidole. Katikati ya jikoni, karibu na meza, simenti ilikuwa na tarakimu nne zilizochorwa kwa msumari, zimejaa nta mpaka zimekuwa laini. Miezi yote hiyo mdogo alikuwa amepita juu yake bila kuziona, na tapi yake ilikuwa imezifunika sawasawa.

Walikaa chini pande mbili za ile 2003. Ni mjane aliyeleta mkasi. Kukata tapi iliyoshonwa ni hatari, inafumuka yote, kwa hiyo kwanza walipitisha uzi mara mbili kila upande wa mahali pa kukata, kisha wakakata katikati ya shono. Vikatoka vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja. Kimoja mlangoni, kupokea vumbi jeusi na miguu ya mvua. Kingine kwenye bidoni, kwenye maji. Katikati simenti wazi, na mwaka wake.

Kulikuwa bado na neno la nta, na lilizungumzwa mpaka chakula kikaungua kidogo. Mdogo alieleza kwamba chini ya tapi nta haipaswi kuingia hata tone, la sivyo mpira wa shambrea utateleza nao, na kwamba kila jioni vipande viinuliwe visimamishwe, simenti ikauke na mpira usiache alama nyeusi. Mjane alisema alama nyeusi zikitokea atavitupa vyote viwili barabarani. Wakakubaliana hivyo. Kuitoa nta ya miaka mahali pale walitumia maji ya moto, sabuni na burashi, saa mbili kwa magoti, na simenti ikatoka imefifia, nyekundu ya udongo, kama ilivyokuwa siku ilipokauka.

Mzee sasa anapita bila kushika ukuta kutoka mlangoni mpaka tapi ya kwanza inapoishia. Katikati anasimama kidogo, anashika meza, anaruka nta kwa hatua fupi, anafika kwenye ya pili. Watoto wanamhesabia hatua.

Kuhusu kurudi Kibumba, mdogo anasema atarudi siku njia na mashamba vitakapokuwa na usalama. Yaya amemwambia aondoke na kipande cha mlangoni. Amejibu kwamba kule jikoni ilikuwa ya udongo, na hajui kama hata kuta zimebaki. Mjane akasema udongo nao unatandikwa.

Jumamosi iliyopita alipaka nta katikati tu.