Choki Isiyovuma

Umeme uliporudi Unguja mwezi Machi 2010, baada ya giza la takriban miezi mitatu, kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kushukuru. Mimi nilimnunulia binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, tangi la kioo la urefu wa sentimita 60, samaki sita wadogo wenye mikia ya rangi, na vishina vichache vya majani ya majini. Juu yake nikafunga taa ya tyubu ya wati 18. Tangi likawekwa karibu na meza yangu ya kuandikia, na usiku tukawa tunagawana nuru ile: samaki, majani, binti yangu na daftari zake, na mimi na tafsiri zangu.

Samaki walistawi, lakini majani yakageuka manjano na kuanza kuoza. Nikadhani nuru haitoshi, nikaenda dukani kutafuta taa yenye nguvu zaidi. Sikusomea umeme popote, kama ambavyo sikusomea ushairi wala tafsiri. Yote nimeyaokota njiani. Basi nikayasoma maandishi ya kwenye sanduku kama nisomavyo shairi la lugha ngeni, neno kwa neno. Nikatambua kwamba wati si nuru. Wati ni kile taa inachokula. Lumeni ndicho inachotoa. Tyubu mbili zinaweza kula wati 18 sawasawa, moja ikatoa zaidi kidogo ya lumeni 1,000 na nyingine 1,350, kwa sababu ya ubora wa unga uliopakwa ndani ya kioo. Umeme ukipita katika mvuke wa zebaki huzaa miali ya urujuanimno ambayo jicho haliioni; unga ule mweupe ndio unaoifasiri ikawa nuru. Neno hilo, kufasiri, lilinikaa moyoni.

Nikanunua ile ya lumeni 1,350. Chumba kikang'aa, majani yakaendelea kunyong'onyea. Rafiki mmoja akaniletea kutoka Dar es Salaam tyubu iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya majini. Nuru yake ilikuwa ya waridi, hafifu machoni, na lumeni zake chache. Nikaona nimepunjwa. Lakini baada ya wiki kadhaa vichipukizi vikatokeza. Sababu yake nimeielewa baadaye: lumeni ni kipimo kilichokatwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu hupendelea zaidi rangi iliyo baina ya kijani na manjano. Mmea una mahitaji mengine. Hunywa zaidi nyekundu na buluu, na sehemu ya kijani huirudisha, ndiyo maana sisi tunauona wa kijani. Mwamba ngoma huvutia ngozi kwake. Nilikuwa nimeipima njaa ya majani kwa shibe ya macho yangu.

Ningelikuwa na akili, somo hilo lingelinitosha. Lakini mwaka 2013 binti yangu aliniletea daftari, akaniomba nilisome shairi lake. Nikahesabu mizani kwa vidole, kama tulivyozoea wazee wa vina. Mstari wa kwanza mizani tano, wa pili kumi na moja, wa tatu tatu. Kina hata kimoja hakuna. Nikamwambia, "Mwanangu, hili si shairi. Hii ni barua iliyokatwakatwa." Akajibu, "Haya, Baba," akalifunga daftari. Mwaka mzima hakunionesha tena.

Mwaka uliofuata choki ya taa ikaungua. Msomaji asiyeijua choki aelewe kwamba ni waya wa shaba uliozongwa juu ya chuma kizito, na kwamba bila hiyo taa ya tyubu haiishi. Mvuke uliomo ndani hauna kiasi: kadiri mkondo wa umeme unavyoongezeka, ndivyo ukinzani wake unavyopungua, na mkondo ukazidi tena, hata taa ikajiunguza yenyewe. Choki ndiyo inayoukaba mkondo huo usizidi. Tena, stata inapoachia, choki hiyohiyo ndiyo inayotoa kishindo cha umeme kinachoiwasha taa. Kinachoizuia ndicho kinachoiwasha. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nikiitumia miaka yote barazani kutetea vina na mizani, nami sikuwa nikijua kuwa kuna kifaa kinachoithibitisha.

Fundi akaja, akaing'oa choki ya zamani, akafunga kitu chepesi kama kiberiti kirefu. Taa ikawaka mara moja, bila kupepesa. Nikatega sikio. Ule mvumo niliouzoea, wa chuma kinachotetema mara 100 kwa sekunde, haukuwapo.

"Fundi, mbona hukuweka choki?"

"Ipo, Maalim. Hii ya elektroniki."

"Haivumi."

"Kazi ni ileile. Inakwenda zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde, sikio lako halifiki huko."

Usiku ule sikuandika kitu. Siku ya pili nilimwomba binti yangu daftari. Alisita, kisha akaniambia atalisoma mwenyewe, mimi nisikilize tu. Nikaviweka vidole vyangu chini ya mapaja. Lilikuwa shairi la bibi yake, mama yangu, akichota maji kisimani katika miezi ile ya giza, pampu ziliponyamaza na mabomba yakakauka. Kila mstari ulikatika pale mtu mwenye ndoo anapotua kubadilisha mkono. Mistari ilikuwa mirefu njia ilipoteremka na mifupi ilipopanda. Kizuizi kilikuwapo tangu mwanzo. Nikamwomba radhi.

Mimi sikuacha vina. Bado natunga tarbia, mizani nane kwa nane, na mvumo wake bado naupenda. Taa zenyewe sasa zinaaga. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, ziliafikiana kukomesha kwa awamu utengenezaji na biashara ya kimataifa ya tyubu hizi ifikapo mwisho wa 2027. Juu ya tangi langu leo kuna taa ya LED, nayo pia ina kifaa chake cha kuudhibiti mkondo, kidogo kuliko vyote vilivyotangulia.

Ile choki ya zamani sikuitupa. Iko mezani, nzito, imekandamiza karatasi zisipeperushwe na upepo wa kusi. Binti yangu akija kututembelea, huinyanyua kwanza, akasoma kilicho chini yake, ndipo akavua viatu.