Wororo wa Lars Gullin

Saksafoni ya baritoni ni chombo kizito, na wapigaji wengi hupenda uzito huo usikike: huingurumisha, huikoromesha, huivumisha kama honi ya meli. Lars Gullin, mzaliwa wa kisiwa cha Gotland nchini Uswidi, aliuficha. Kwake baritoni ilikuwa na sauti nyororo, ya mtu anayezungumza na aliye karibu naye, asiye na haja ya kupaza sauti.

Gullin alizaliwa mwaka 1928, na utotoni alipiga kodiani. Jambo hili hutajwa haraka likapitwa, ilhali linastahili kukaliwa. Wapenzi wa taarab ya Unguja wanaijua tabia ya kodiani: sauti yake haianzi kwa kishindo, bali huvimba kadiri mivukuto inavyosukumwa, kisha hupungua bila kukatika. Ndivyo Gullin anavyoingia katika noti. Haigongi, huijaza taratibu, akaiacha ipoe. Hata anapokwenda mbio, kauli zake za muziki hubaki ndefu, zimeungana.

Mwaka 1954 wahakiki wa jarida la Marekani la DownBeat walimchagua kuwa nyota mpya wa baritoni, naye akiishi Uswidi. Wengine walimwona mfuasi tu wa Gerry Mulligan. Ufuasi upo, haukanushiki. Lakini Mulligan ana utani mwingi katika upigaji wake, na Gullin hatanii.

Ni desturi kuueleza wororo huo kwa theluji, misitu na usiku mrefu wa kaskazini. Maelezo hayo yanafaa kadi ya posta. Hayatuambii lolote kuhusu mtu ambaye uraibu wa dawa za kulevya ulimwandama kwa miaka, ukamkatiza kazi, hadi alipofariki mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 48. Utulivu uliomo katika santuri zake haukuwa wa maisha yake.

Sikiliza “Danny's Dream”, utungo wake wa miaka ya 1950. Mara ya kwanza mtu hudhani anamsikia mpigaji aliyeridhika. Akiurudia, ataanza kuisikia kazi iliyomo: chombo kimening'inia shingoni, pumzi inapimwa kwa kila noti, maana ikizidi kidogo baritoni hunguruma, na ikipungua kidogo sauti huvunjika.