Google wakibadili kanuni, Tandika tunakosa nauli

Leo nataka niongelee jambo ambalo sisi wa magazeti tando hulijadili sana vijiweni lakini wasomaji hatuwaambii: ukitafuta kitu Google, nani anaamua ipi ikae juu?

Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha kampuni yao, hesabu ilikuwa rahisi. Kila kiungo kinachoelekea kwenye ukurasa kilihesabiwa kama kura, na kura ya mkubwa ilikuwa na uzito zaidi. Zile orodha za "blogu za marafiki" tulizokuwa tukiziona pembeni mwa kurasa za Kiswahili zilikuwa ni kura walizopigiana kaka na dada zetu, wengi wao bila kujua.

Wajanja wakaanza kununua kura. Basi kanuni zikabadilishwa, na hazijaacha kubadilishwa. Februari 2011 ilikuja Panda, kushusha tovuti zenye maandishi mepesi na ya kunakili. Aprili 2012 ikaja Penguin, dhidi ya viungo vya ujanja ujanja. Aprili 2015 ikawa zamu ya kurasa zisizosomeka kwenye simu. Kisha Machi 2024 ikaja kubwa: kampuni ilitangaza inalenga kupunguza maandishi hafifu kwa asilimia 40 kwenye majibu yake. (Kuna jamaa hapa mjini wanauza semina za "kupanda Google". Waulizeni kilichobadilika mwezi ule, halafu msikilize.)

Sasa njoo Dar. Nimewahi kufanya kazi kwenye chumba kimoja cha habari huko Kinondoni, watu wanne na feni moja. Tulikuwa na habari za aina mbili. Za kwanza: "Matokeo ya kidato cha nne haya hapa", nafasi za kazi, msimamo wa ligi. Aya mbili, unabadilisha jina la mkoa, unahamia mkoa unaofuata. Matokeo yenyewe yako kwenye tovuti ya NECTA. Sisi tulimsogeza mtu hadi mlangoni huku tukimwonyesha matangazo njiani. Aina ya pili ni mtaro ulioziba Tandika, au machinga walioambiwa wahame. Hizo zinataka siku mbili tatu na nauli ya kwenda na kurudi Temeke kila siku.

Za kwanza ndizo zilizolipa nauli ya za pili. Hapo ndipo pagumu. Kwa macho ya kanuni mpya zile kurasa za matokeo ni takataka, nami sibishi, hata kuziandika kulikuwa kunachosha roho. Lakini zikishushwa, hela ya daladala haijulikani itatoka wapi.

Wala msidhani kurasa hizo zikishuka basi mtaro utapanda. Google hujibu swali lililoulizwa. Nani anaandika "mtaro Tandika" kabla masika hayajaanza? Watu wataanza kuutafuta maji yakishaingia sebuleni, na siku hiyo vyombo vikubwa navyo vitakuwa vimefika na kamera zao. Vina viungo vingi kuliko sisi, vinakaa juu. Habari yetu ya miezi miwili nyuma, iliyosema maji yatapita wapi, iko ukurasa wa nne. Nani anafika ukurasa wa nne?

Na tangu Mei 2024, kwa kuanzia Marekani, Google wanaweka pia jibu lililotungwa na akili mnemba juu ya viungo vyote. Mtu anasoma jibu, anaondoka zake.

Mara ya mwisho tulipoandika kuhusu ule mtaro tuliituma habari kwenye magrupu ya WhatsApp ya Tandika na Mbagala kabla ya kuiweka kwenye tovuti. Mzee mmoja mjumbe wa nyumba kumi akarudisha sauti ya dakika nne, akitueleza umeanza kuziba lini na nani alijenga juu yake. Tangazo halikuonekana hata moja. Nauli tulichanga.