Elimu ya Nafsi

Neno saikolojia huwatia shaka baadhi ya ndugu zetu, wakidhani ni ufundi wa kupima roho za watu. Asili yake ni Kiyunani: psukhe, ambalo katika Agano Jipya mara nyingi twalisoma nafsi, na logos, yaani neno. Basi kwa jina ni elimu ya nafsi. Walakini wenye elimu hiyo wenyewe hawakupatana juu ya kitu wakitafutacho.

Wilhelm Wundt, mwana wa mchungaji wa Kilutheri, alifungua chumba cha majaribio mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Mtu alisikizwa mlio, kisha akaeleza yaliyompitia moyoni saa ile. Njia hiyo ni kujichungua ndani. Huko Marekani William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alinena kwamba mawazo hayakatiki vipande vipande, bali hutiririka kama mto. Kwetu sisi huyu ndiye aliyenena vema kupita wenzake.

Mwaka 1913 akaja John Watson, Mmarekani pia, akasema ya ndani hayaonekani, tuyaache. Tutazame mwenendo tu, yaani jambo limpatalo mtu na jinsi alijibuvyo. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walitangaza habari za mtoto mchanga waliyemwita Albert. Mtoto huyu hakumwogopa panya mweupe. Basi kila alipomgusa, walipiga chuma kwa nyundo nyuma yake, kwa kishindo. Baada ya mara chache alilia amwonapo panya, ijapokuwa chuma hakikulia. Hata sungura akamwogopa. Naye akaondoka pasipo kuondolewa hofu ile. Tendo hilo twalichukia.

Hata hivyo lina mafunzo kwetu walimu. Mtoto aliyechapwa mara kadhaa kwa ajili ya hesabu hutetemeka aonapo tarakimu, wala fimbo haipo. Na wazazi husema hana akili. Hapa Watson atufaa. Lakini katika darasa wamo wawili walionyamaza, mmoja kwa adabu, mmoja kwa hofu, na kwa macho mwenendo wao ni mmoja. Hapa Watson hatufai tena. Hatuna budi kumwuliza mtoto mwenyewe yaliyo ndani yake, tena faraghani, kwa kuwa mbele ya wenzake hatasema.