Ekseli ya Mbele ya 135

Nilipokuwa mdogo Karatu, spea ya trekta iliulizwa kwa jina. Baba aliingia dukani Arusha akasema, "Naomba bushi za mbele za 135," na muuzaji akajua anazungumzia Massey Ferguson 135, trekta iliyoanza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Bushi zilikuja ndani ya boksi lenye namba ya kiwanda, na hakuna aliyehangaika kupima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikauka nchini, na maboksi yale yakaadimika. Hapo ndipo matrekta mabovu yalipopata thamani. Tulikuwa tukisikia kuna MF 35 imekufa shambani kwa mtu, Baba anakwenda kuomba spindo zake, vile vyuma vya kushikia magurudumu ya mbele. Nyingine ziliingia bila shida, nyingine zikagoma.

Ekseli ya mbele ya 135 yetu ni ya vipande vitatu. Boriti ya katikati inaning'inia kwenye pini moja, ndiyo maana trekta inapita kwenye matuta bila kuinama yote. Mikono miwili ya pembeni ina safu ya matundu. Unaivuta au kuirudisha kufuata upana wa mistari ya mazao. Mwisho wa kila mkono imesimama spindo, nayo inazunguka ndani ya bushi. Bushi ikiliwa, tairi linacheza na kulika upande mmoja.

Fundi mkereza vyuma wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, ndiye aliyenifundisha kutumia venia, kile kipimo cha unene. Nilidhani unene wa spindo ukilingana, kazi imekwisha. Akaziweka mbili sambamba mezani: unene ule ule, lakini moja ilikuwa fupi kutoka begani hadi pale mkono wa usukani unapofungwa. Ile fupi ingefanya mkono huo wa usukani ubane ekseli na usukani ungekuwa mzito. Alikataa pia kukereza bushi za chuma cha kawaida. Alitaka shaba nyeusi, maana bushi ndiyo iliwe, si spindo. Na spindo iliyojaziwa kwa weldingi alikuwa anaitupa pembeni. Namuunga mkono kabisa. Shingo yake ikikatika kwenye mtaro, dereva ndiye anayeumia.

Biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ilipofunguliwa, zikaja spea za India na Pakistani, ambako TAFE na Millat waliendelea kuunda matrekta ya ukoo huo huo wa Massey. Nyingi zinafaa. Habu nyingine, yaani vitovu vya magurudumu, hata hivyo, uzi wake unalegea mapema, kwa hiyo ninazijaribu kwa nati kabla ya kulipa.

Beringi ndizo zilizorahisika zaidi, kwa sababu namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Ndani ya habu yetu nilikuta LM67048, tundu lake milimita 31.75, na beringi hiyo hiyo hutumika hata kwenye matrela. Siku hizi naweka venia juu ya spindo, napiga picha, natuma WhatsApp kwa wauza spea wa Gerezani, Dar es Salaam. Jibu linafika nikiwa bado shambani, na mzigo unapanda basi la usiku.

Pini ya katikati tu ndiyo bado tunaikerezesha. Tundu la boriti yetu limeshapanuka, na hakuna pini ya dukani inayolijaza.